Barua ya wazi: Mkunga hafundishwi kwa semina ya siku moja

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa,
Kwa Msajili wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania,
Kwa wakuu wa vyuo vya uuguzi na ukunga, vya serikali na vya binafsi.

YAH: MAFUNZO KWA VITENDO YA WAKUNGA NA WAHUDUMU WA AFYA KATIKA WODI ZA WAZAZI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na mada tajwa hapo juu.

Mimi ni muuguzi mkunga mwenye miaka 19 kazini, mingi kati ya hiyo katika kituo cha afya cha kijijini ambako usiku tunabaki wawili tu kwenye wodi ya wazazi: mkunga mmoja na mhudumu wa afya mmoja. Haya ninayoyaandika nimekwisha kuyaandika mara tatu kwa kufuata ngazi, kama taratibu za utumishi zinavyotaka. Barua ya kwanza nilijibiwa kuwa imepokelewa. Ya pili nilijibiwa kwa mdomo, tukiwa tumesimama kwenye korido, kwamba suala langu linashughulikiwa. Ya tatu haikujibiwa kabisa, na sasa ina mwaka na miezi. Sitaji ofisi wala mtu, maana waliokalia viti vile wameshahamishwa na tatizo limebaki palepale. Sina ugomvi na yeyote kati yenu. Naandika hadharani kwa heshima zote kwa sababu mlango wa ndani nimeugonga mpaka nimechoka.

Nianze na usiku ulionifanya nishike kalamu.

Ulikuwa usiku wa masika, kama saa tisa hivi. Leba kulikuwa na akina mama wawili. Mmoja alikuwa ameanza degedege la kifafa cha mimba, na mikono yangu yote ilikuwa kwake, nikimchoma magnesiamu huku mhudumu wangu amemlaza ubavu na kumshikilia asianguke. Wa pili alijifungua mikononi mwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuwa kwetu fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wiki chache kabla ya mtihani wake wa mwisho. Mtoto alitoka mlegevu, hakulia. Nikapaza sauti: mkaushe, mpulizie! Alimkausha vizuri kwa khanga ya mama yake. Akachukua mfuko wa kupumulia, akaweka barakoa usoni pa mtoto, akabinya. Hewa ikatokea pembeni. Nilisikia mlio wake kutoka kitanda cha pili. Akabinya kwa nguvu zaidi, na hewa ikatokea tena palepale. Kifua cha mtoto hakikupanda hata mara moja. Nilipoweza kumwachia mhudumu yule mama mwingine na kuruka upande wa pili, dakika zilikuwa zimeshapita.

Mtoto yule alipumua. Alipelekwa hospitali ya wilaya kwa gari la m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, akakaa huko siku tisa, akarudi nyumbani. Leo mama yake huja naye kliniki akiwa amembeba mgongoni. Wenzake wa umri wake wanatembea, yeye shingo bado haijakaza.

Asubuhi yake nilikaa na yule mwanafunzi, nikamuuliza maswali. Aliyajibu yote. Alijua dakika ya dhahabu, kwamba mtoto asiyepumua lazima awe ameanza kupuliziwa kabla dakika ya kwanza haijaisha. Alijua mipulizo 40 kwa dakika. Alijua kichwa kikae sawa, kisivutwe sana nyuma wala kuinamia kifuani. Kisha akatoa kitabu chake cha fildi. Kilikuwa kimesainiwa kwamba amesaidia watoto wachanga kupumua mara tano. Nikamuuliza, binti yangu, mfuko huu umeushika mara ngapi kwa mkono wako? Akaanza kulia. Chuoni mdoli wa kufanyia mazoezi ulikuwa mmoja, umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo mara nyingi alikuwa safarini. Wodi aliyotoka kabla ya kuja kwetu walikuwa wanafunzi kumi na wanane kwenye zamu moja.

Simlaumu binti yule hata kidogo. Alikuwa na akili na alikuwa na moyo. Kilichokosekana ni mkono, na mkono haupatikani kwa kusoma. Kuibana barakoa isivujishe hewa, kidole gumba na cha shahada vikiizunguka kama herufi C huku vidole vingine vikiinua taya, ni jambo ambalo mwili unalijua au haulijui. Saa tisa usiku hakuna nafasi ya kulikumbuka kwa kufikiri.

Kwa hiyo naweka mbele yenu hoja zifuatazo.

1. Vitabu vya fildi vinasainiwa kwa mazoezi ambayo hayakufanyika.

Naanza na hili kwa sababu ndilo chungu zaidi, na kwa sababu na mimi nimo. Nimewahi kusaini. Mwanafunzi anakuja siku ya mwisho ya fildi, gari la chuo limeshafika getini, kitabu kina mistari mitupu kumi na miwili, na asipokijaza atarudia mwaka. Wazazi wake wameuza ng'ombe kulipa ada. Unasaini. Siwezi kudai ukweli kwa wengine nikauficha wa kwangu.

Lakini tazameni hesabu inayotufikisha hapo. Kituo chenye uzazi 60 kwa mwezi kikipokea wanafunzi 20 kwa mwezi huohuo, kila mmoja anapata uzazi 3. Hapo ni kama hakuna mama aliyejifungulia mlangoni, hakuna aliyepewa rufaa, na mkunga mwenyewe hakugusa hata mmoja. Uzazi wenye matatizo ni sehemu ndogo ya huo. Mtoto mwenye kuhitaji kupuliziwa, mabega yaliyonasa, kondo la nyuma lililogoma kutoka, mwanafunzi anaweza kumaliza fildi nzima bila kuviona, achilia mbali kuvishika. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeandika kwenye sheria yao kwamba mwanafunzi wa ukunga azalishe mwenyewe angalau mara 40, na idadi ikikosekana kwa uchache wa wazazi ishuke hadi 30 kwa sharti kwamba ashiriki uzazi mwingine 20. Sisemi tunakili idadi yao. Ninachotaka mkione ni kwamba huko uzazi wenyewe ndio unaohesabiwa, na pale ambapo hautoshi sheria imesema kifanyike nini. Kwetu usipotosha, tunasaini.

2. Mafunzo ya kazini yamekuwa semina, na semina haifiki kitandani.

Waheshimiwa, hili halihitaji mtaalamu kutoka nje. Jibu lilipatikana hapa nchini, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara.

Mwaka 2010 wafanyakazi wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Walipopimwa kwenye mdoli miezi kadhaa baadaye, walifanya vizuri kuliko mwanzo. Watafiti wakaenda kutazama wodini, kwa watoto wa kweli, wakakuta namna ya kuwahudumia haijabadilika. Someni tena hapo, tafadhali. Mtu anafaulu kwenye mdoli, anapewa cheti, anarudi leba, na kitandani kila kitu kinaendelea kama jana.

Hawakuishia hapo. Walihamishia mazoezi wodini: dakika tatu hadi tano kila wiki, mdoli ukiwa palepale leba, na mara moja kwa mwezi zoezi refu la kama dakika 40. Walimu walikuwa ni watu wa wodi hiyohiyo. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Na waliohitaji kupuliziwa kwa mfuko walipungua, huku waliosuguliwa ili wapumue wenyewe wakiongezeka.

Baadaye kazi hiyo ikapanuliwa hadi vituo 30 katika mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ikaongezewa vifaa vya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto na utaratibu wa kila wodi kusoma takwimu zake yenyewe. Matokeo yalitangazwa mwaka 2025. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila uzazi 1,000, na vya akina mama vilishuka kwa kiasi kikubwa.

Hayo yamefanywa na wakunga wenzetu, kwenye wodi zinazofanana na zetu, umeme ukikatika kama unavyokatika kwetu. Huku kwetu bado tunaitwa ukumbini. Mmoja wetu anachaguliwa, na mara nyingi ndiye asiyeshika zamu za usiku, kwa kuwa ndiye anayepatikana mchana. Anakwenda siku mbili, anaonyeshwa picha ukutani, anapewa nafasi ya kubinya mfuko mara moja mbele ya wenzake thelathini, anarudi na cheti na begi. Anatakiwa awafundishe waliobaki. Atawafundisha kwa kitu gani, ikiwa mdoli umerudi na wawezeshaji mjini?

3. Mhudumu wa afya yupo kitandani, lakini hayumo kwenye mafunzo.

Kwa kanuni, mhudumu wa afya hazalishi, na mimi sidai azalishe. Kazi yake ni usafi, kumsaidia mama, kuandaa vifaa. Lakini kituo chenye mkunga mmoja usiku, yeye ndiye mtu wa pili. Mama akianza kumwaga damu, mimi peke yangu sina mikono ya kusugua mfuko wa uzazi, kuchoma oksitosini ya kukaza mfuko huo, kutafuta mshipa wa dripu, kutundika chupa na kupiga simu 115 kuita gari la m-mama kwa wakati mmoja.

Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama alitandikiwa plastiki yenye vipimo inayokusanya damu, ili wingi wake usomwe badala ya kukisiwa, na ikifika kiwango cha hatari matibabu yote yanaanza kwa pamoja bila kusubiri moja lishindwe ndipo lifuate jingine. Hatari ya mama kutokwa damu kwa wingi sana, kupasuliwa tumbo kwa sababu hiyo au kufa ilipungua kwa asilimia 60. Neno ni "kwa pamoja". Kwa pamoja maana yake mikono minne, na miwili kati ya hiyo, kwenye vituo vyetu vingi, ni ya mhudumu ambaye hajawahi kufundishwa hata namna ya kuujua mfuko wa uzazi uliolegea anapoweka kiganja juu ya tumbo.

Sisi tulianza wenyewe. Tulichemsha rozela, tukapima nusu lita ya maji yake mekundu, tukaimwaga juu ya khanga, tukawauliza watu wote wa zamu hii ni damu kiasi gani. Wengi walisema robo lita, au chini. Mhudumu mmoja, mama mtu mzima aliyefanya kazi wodini kwa miaka mingi, alisema, "Basi hiyo nimeshaifuta chini mara nyingi bila kumwambia sista." Nusu lita ndiyo kipimo ambacho tunafundishwa kuita hatari. Mama yule hakuwa mzembe, ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba macho yake ni sehemu ya matibabu. Sasa yeye ndiye anayeniita mapema kuliko wote.

4. Msimamizi wa wanafunzi wodini hatambuliki.

Anaandikiwa majina ya wanafunzi, hapunguziwi wagonjwa. Hana saa ya kufundisha, hana posho ya kufundisha, hana hata barua ya kumteua. Ada ya fildi hulipwa na mwanafunzi, lakini aliyemshika mkono na kumwonyesha haifiki kwake. Mkunga aliyechoka, mwenye akina mama watano leba, akimwambia mwanafunzi "kaa pembeni usinicheleweshe", tusishangae.

5. Mama anayejifungua amegeuzwa kuwa chombo cha kujifunzia bila kuulizwa.

Nimeona mama amelala na njia imefunguka sentimita nane, wanafunzi sita wamepanga foleni kumpima njia mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyejitambulisha. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Mama amefumba macho na machozi yanashuka masikioni. Hayo ni maumivu, ni hatari ya maambukizi, ni aibu tunayomvisha mtu aliyetuamini. Wanafunzi wale wangekuwa wameshashika mdoli mara hamsini chuoni, asingehitajika zaidi ya mmoja, na huyo mmoja angekuja na mkono unaojua unachotafuta. Akina mama kisha husimuliana huko kisimani na sokoni, na wapo wanaoamua mimba ijayo wabaki nyumbani kwa bibi.

Nataja bibi kwa makusudi. Wakunga wetu wa jadi walikosa mengi, na sitamani turudi huko. Lakini hakuna bibi aliyekabidhiwa uzazi kabla ya kukaa miaka ubavuni pa shangazi yake, kwanza akichemsha maji, kisha akimshika mama mgongo, kisha akipokea mtoto huku mkono wa mkubwa uko juu ya wake. Wao walijua kwamba kazi hii hupita mkononi kwenda mkononi. Sisi wenye vyeti ndio tuliosahau.

Waheshimiwa, najua majibu yanayoweza kutolewa, maana baadhi nimeshapewa.

Nitaambiwa hakuna bajeti. Bajeti ya semina ipo kila mwaka: ukumbi, nauli, posho, chai na chakula. Zoezi la dakika tano wodini halina nauli. Kinachonunuliwa ni mdoli wa kujazwa maji, mfuko na barakoa, na vinatumika miaka. Mazoezi ya kutokwa damu nimeshawaeleza, ni khanga, jagi la kipimo na rozela.

Nitaambiwa nchi ina uhaba wa wauguzi, hivyo vyuo lazima vidahili wengi. Uhaba ni wa kweli, naulala nao. Lakini chuo kikidahili kwa kuhesabu vitanda vya bweni bila kuhesabu uzazi wa wodi zinazopokea wanafunzi wake, tunachoongeza ni majina kwenye rejista. Siku ya kwanza ya ajira kijana huyo anaweza kupangiwa zahanati ambako yeye ndiye mkunga pekee. Huko hakuna wa kumwita.

Nitaambiwa vifo vimeshuka. Ni kweli, na nalisema kwa furaha. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya akina mama 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukakuta 104. Wanaojifungulia vituoni walipanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Kazi kubwa imefanyika: majengo, damu, magari, dawa. Lakini katika tafiti hizohizo vifo vya watoto wachanga wa chini ya siku 28 vilikuwa 25 kwa kila 1,000, vikawa 24. Vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43. Wa mwezi wa kwanza karibu wamebaki walipokuwa. Najua wengine huondoka kwa kuzaliwa njiti na wengine kwa maambukizi, na hayo yana tiba zake. Lakini wako wanaoondoka kwa kukosa pumzi mbele ya macho yetu, ndani ya kituo, mfuko wa kupumulia ukiwa mezani. Tuliwaambia akina mama njooni vituoni, wakaja. Walitimiza upande wao.

Na kuna jibu la mwisho, ambalo husemwa kwa sauti ya chini: kwamba kusema haya kunawadhalilisha wakunga. Wahenga walituonya tusitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mimi siwatukani. Hawa ni wenzangu. Nimekula nao ugali wa usiku, nimelia nao chooni baada ya kumpoteza mama, nimewaona wakitoa damu yao wenyewe mgonjwa apone. Nawadai haki yao ya kufundishwa.

Ninachoomba ni haya.

Kwanza, kila wodi ya wazazi nchini, hadi ya zahanati, iwe na kona ya mazoezi yenye mdoli, mfuko na barakoa visivyofungiwa, na zoezi la dakika chache liwe sehemu ya kukabidhi zamu angalau mara moja kwa wiki. Liandikwe kwenye daftari. Wasimamizi wa wilaya wanapokuja kukagua, walidai daftari hilo kama wanavyodai la dawa.

Pili, kila sahihi ya uzazi kwenye kitabu cha fildi iambatane na tarehe na namba ya mama kwenye rejista ya wodi ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Namba isiyoonekana kwenye rejista, au inayodaiwa na wanafunzi wawili, isihesabiwe. Hili halina gharama hata ya senti, na Baraza linaweza kuliagiza kwa waraka mmoja.

Tatu, idadi ya wanafunzi wanaopelekwa kituoni ipangwe kwa idadi ya uzazi wa kituo hicho, vyuo vikiratibiwa ili visigongane wodi moja mwezi mmoja. Zamu za usiku zihesabiwe kama fildi, kwa sababu watoto hawangoji mchana.

Nne, msimamizi wa wanafunzi ateuliwe kwa barua, apewe saa zake na sehemu ya ada ya fildi.

Tano, wahudumu wa afya wa wodi za wazazi wafundishwe pamoja na wakunga, kwenye zoezi moja, kazi za mtu wa pili: kukausha mtoto na kumpa joto, kupima damu, kusugua mfuko wa uzazi kwa maelekezo, kuita msaada. Mipaka ya kazi yao iandikwe wazi ili asiwepo wa kuwasukuma kuzalisha wala wa kuwaadhibu kwa kusaidia.

Sita, mkunga wa ajira mpya asiachwe peke yake usiku katika miezi mitatu ya kwanza. Najua hili ndilo gumu kuliko yote kwa hali ya watumishi ilivyo. Hata hivyo naliomba, kwa sababu mimi niliachwa peke yangu wiki ya pili, na mama niliyempoteza wiki ile bado naikumbuka rangi ya kitenge chake.

Naomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 5 Mei, Siku ya Wakunga Duniani. Kila mwaka siku hiyo tunavalishwa fulana na kupongezwa kwenye viwanja. Mwaka huu ningefurahi zaidi kama waraka ungesomwa badala ya hotuba.

Wakati nasubiri, kituoni kwetu tunaendelea. Kila Jumanne saa moja na nusu asubuhi, kabla zamu ya usiku haijaondoka, mdoli unawekwa juu ya meza ya watoto, mtu mmoja anashika saa na mwingine anashika mfuko. Wiki iliyopita alikuwa mhudumu wetu mpya, na alipuliza kifua kikapanda mara ya tatu. Yeyote kati yenu akipita njia hii siku ya Jumanne, aingie tu. Saa ya kushika ipo, na mfuko upo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mkunga,
Wodi ya wazazi, kituo cha afya cha kijijini.